Swali la Kwanza Lisiwe la Ajali: Hotuba kwa Makocha wa Mpira wa Kikapu wa Viti Mwendo

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vyama vya michezo, walimu wa michezo wa shule na vyuo, wachezaji, wazazi, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya wachezaji na makocha wa mpira wa kikapu wa viti mwendo, na kwa kuwa wengi wenu mnajua kwamba nimeufundisha mchezo huu kwa miaka kadhaa katika kiwanja cha saruji kisicho na paa, huenda mnatarajia nianze na shida zetu. Shida zipo na nitazifikia, lakini kwa ruhusa yenu nitaanza na mwandishi wa habari.

Mwandishi huyo alikuja mazoezini kwetu msimu uliopita akaketi na mchezaji mmoja, kijana ambaye leo nitamwita Namba Nane kwa kuwa ndiyo jezi anayovaa. Mazungumzo yao yalichukua kama nusu saa, nami nilikuwa hatua tatu kutoka walipokuwa, nikikaza spoki za gurudumu lililopinda. Kijana aliulizwa ajali ilitokea wapi, pikipiki ilikuwa ikiendeshwa na nani, alilazwa kwa muda gani, mchumba wake alimvumilia au alimkimbia, na ana ujumbe gani kwa vijana wenzake. Akajibu yote kwa adabu. Mwandishi alipofunga daftari, Namba Nane akamuuliza, "Kaka, hutaki kujua nacheza nafasi gani?" Mwandishi akacheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa, na habari ilipotoka gazetini haikuwa na neno hata moja kuhusu mchezo, isipokuwa kwamba kijana "anajifariji" kwa mpira wa kikapu.

Simlaumu sana mwandishi, kwa sababu swali lake ni la zamani kuliko yeye. Mchezo wetu wenyewe ulianza kwa swali hilo hilo, ukaishi nalo kwa miongo karibu minne, na walioubadilisha wakaanza kuuliza swali jingine hawakuwa madaktari wala serikali, bali ni wachezaji na makocha waliochoka kuulizwa walipatwa na nini. Swali jipya lilikuwa hili: ukishaketi kwenye kiti, unaweza kufanya nini? Naomba nieleze lilivyopatikana, kwa sababu kila kocha anayeanza kazi hii atalazimika kuchagua atauliza lipi kati ya hayo mawili.

Mpira wa kikapu wa viti mwendo ulizaliwa hospitalini. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani zilijaa vijana waliovunjika uti wa mgongo. Katika vita iliyotangulia, wengi wa aina yao walikufa ndani ya miezi michache kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya kibofu na figo, lakini sasa dawa za antibayotiki ziliwabakiza hai, wakawa na mikono yenye nguvu, siku ndefu, na hakuna la kufanya. Kufikia mwaka 1946 walikuwa wameanza kucheza huko California na Massachusetts, wakitumia viti vizito vya hospitali vyenye mikono ya kuegemea. Nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Manazi wa Ujerumani mwaka 1939, alikuwa amefungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944, na tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, akaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde yaliyokuwa na washindani 16. Kutokana na mbegu hiyo ilipatikana michezo ya Roma ya mwaka 1960, yenye wanamichezo 400 kutoka nchi 23, ambayo leo tunaihesabu kuwa ya kwanza ya Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, na mpira wa kikapu ulikuwemo. Wanawake walisubiri hadi Tel Aviv mwaka 1968 ndipo wakapata mashindano yao.

Heshima ya Guttmann haipunguzwi na ninalotaka kusema. Aliwaokoa watu. Lakini katika mfumo wake mchezaji alibaki kuwa mgonjwa, na mchezo ulikuwa sehemu ya tiba. Mtu alipotaka kucheza, daktari alimlaza kitandani, akapima misuli na hisia, akatafuta ni pingili gani ya uti wa mgongo iliyoumia, kisha akampa daraja. Hakuna aliyemtazama akicheza. Watu wawili walioumia pingili moja waliandikwa daraja moja, hata kama mmoja aliweza kujigeuza na kunyanyua mpira kwa mikono miwili huku mwenzake akianguka mara tu alipoachia gurudumu.

Upande wa pili wa bahari alikuwepo mtu wa namna nyingine. Tim Nugent hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka jeshini, na mwaka 1948 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye tawi lake la Galesburg, mpango wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kusoma na kuhitimu kama wanafunzi wengine. Aprili 1949 aliandaa hapo mashindano ya kwanza ya kitaifa ya mpira wa kikapu wa viti mwendo, na chama cha taifa cha mchezo huo kikazaliwa. Mpango ulipohamia Urbana-Champaign, chuo kilijenga njia za mteremko kwenye milango na kuweka mabasi yenye vinyanyuzi, mambo ambayo wakati huo yalionekana ni anasa. Ninamtaja Nugent kwa sababu wachezaji wake hawakuambiwa wacheze ili wapone. Walikuwa wanafunzi wenye mtihani Jumatatu na mechi Jumamosi. Chuo hicho hadi leo kinatoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa viti mwendo, na nitakirudia baada ya muda mfupi, kwa sababu ukifuatilia maisha ya wachezaji na makocha wakubwa wa dunia, mara nyingi njia inapita mlangoni pake.

Aliyeligeuza swali kimataifa, hata hivyo, alikuwa Mwingereza. Philip Craven alikuwa na miaka 16 alipoanguka akipanda miamba karibu na Bolton mwaka 1966, akavunjika mgongo. Alisoma jiografia katika Chuo Kikuu cha Manchester, akaichezea Uingereza katika Paralimpiki tano kuanzia Heidelberg 1972 hadi Seoul 1988, na mwaka 1973 akawa bingwa wa dunia na timu yake. Alikuwa mtu wa kubishana. Alikuwa haoni kwa nini mchezaji wa timu ya taifa aendelee kuwekwa daraja kwa sindano na kitanda cha hospitali, akaungana na Mjerumani Horst Strohkendl, mtaalamu wa michezo wa Köln, aliyekuwa amebuni namna ya kuwapanga wachezaji kwa kuwaangalia wanavyosukuma, wanavyogeuka, wanavyodunda, wanavyopiga pasi na wanavyodaka mpira wakiwa ndani ya mchezo. Wazee wa mfumo wa kwanza walipinga kwa ukali, lakini kufikia michezo ya mwaka 1984 mfumo mpya ulikuwa umeingia. Craven baadaye aliliongoza shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na kuanzia 2001 hadi 2017 akawa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki. Mchezaji aliyekuwa akilazwa kitandani na kuchomwa sindano akaja kukaa kwenye kiti cha juu kabisa cha michezo yote ya watu wenye ulemavu.

Walimu wenzangu, hapa ndipo naomba nikae kidogo, kwa sababu mfumo huo ndio mkate wetu wa kila siku na watu wengi wanaotazama mchezo hawaujui.

Kila mchezaji hupewa pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5, zikipanda kwa nusu nusu. Pointi moja ni ya mtu asiyeweza kuutawala mwili kuanzia kifuani kushuka chini. Nne na nusu ni ya mtu ambaye ulemavu wake unamgusa kidogo sana akiwa kwenye kiti, kwa mfano aliyekatwa mguu chini ya goti. Katika mechi za kimataifa, jumla ya pointi za wachezaji watano walio uwanjani haitakiwi kuzidi 14.0 hata sekunde moja. Kikapu hakishushwi, kiko mita 3.05 juu kama kile cha wanaotembea, na kiwanja ni kile kile cha mita 28 kwa 15. Ukiuweka mpira mapajani, unaruhusiwa kusukuma magurudumu mara mbili, kabla ya mara ya tatu uwe umedunda, umepiga pasi au umerusha. Kiti huhesabiwa kuwa sehemu ya mwili, kwa hiyo anayemgonga mwenzake kwa gurudumu amemgonga kwa mwili wake.

Kocha anayeanza hudhani hesabu hii ni ya karani. Mimi nilidhani hivyo. Katika mashindano yangu ya kwanza nilikuwa na watano wangu uwanjani, 4.5, 4.0, 3.0, 1.5 na 1.0, jumla kumi na nne kamili, na tulikuwa tunaongoza. Yule wa 1.5 akachoka. Nikamwingiza wa 2.5 kwa sababu alikuwa anarusha vizuri, na kabla sijakaa kwenye benchi filimbi ikalia: pointi kumi na tano, faulo ya kiufundi kwa benchi. Namba Nane, ambaye siku hiyo alikuwa nje kwa jeraha la kidole, alinitazama bila kusema kitu. Tangu siku hiyo kadi ndogo ya hesabu hukaa mfukoni mwa shati langu, na mara nyingi naitumia zaidi ya ubao wa mbinu.

Utajiri wa mfumo huu uko kwa mchezaji wa pointi moja, ambaye mtazamaji hamwoni. Kiti hakina hatua ya ubavuni. Mtu anayetembea akizibiwa njia, hukanyaga upande akapita. Mwenye kiti hana budi kurudi nyuma, kugeuza, kisha kuanza upya, na hiyo ni sekunde mbili au tatu. Basi mchezaji wa pointi moja, ambaye pengine hatarusha mpira hata mara moja katika mechi nzima, akijua kuweka gurudumu lake nyuma tu ya gurudumu la mpinzani mrefu wa nne na nusu, amemfunga jitu hilo kama mbuzi kwenye kigingi, na mwenzake anapita chini ya kikapu bila mlinzi. Tazameni anavyoketi: magoti yako juu kuliko nyonga, kitako kimezama nyuma ili asidondoke mbele, mkanda umemkaza kifuani au tumboni. Tazameni anavyopiga pasi: mkono mmoja unarusha, wa pili umeshikilia rimu ya gurudumu, kwa sababu akiachia yote miwili kifua kinalala mapajani. Huyo ndiye Namba Nane. Nafasi ambayo mwandishi hakuuliza ni hiyo. Anapokosekana, siwezi kuwaweka wafungaji wangu wawili wakubwa uwanjani kwa pamoja, kwani hesabu inakataa. Kwa hiyo mtu mwenye ulemavu mkubwa kuliko wote ndiye anayewapa ruhusa ya kucheza wenye ulemavu mdogo, na sijui mchezo mwingine uliopangwa hivyo.

Tukija kwa waliopata majina makubwa, Patrick Anderson wa Kanada ndiye ambaye wengi wanamtaja kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuketi kwenye kiti. Aligongwa na dereva mlevi akiwa na miaka tisa, mwaka 1989, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Sentensi hiyo moja inatosha kwa ajali. Yanayofuata ni miaka zaidi ya ishirini na mitano ya kazi: masomo Illinois, ligi ya Ujerumani, dhahabu Sydney 2000, dhahabu Athens 2004, fedha Beijing 2008, kisha akaacha kabisa akaenda kupiga muziki, akarudi akachukua dhahabu London 2012, akaacha tena, akarudi akacheza Tokyo, na mwaka 2024, akiwa na miaka arobaini na ushee, alikuwa Paris. Kocha aliyeiongoza Kanada katika dhahabu mbili za kwanza, Mike Frogley, naye anatumia kiti mwendo, na ndiye aliyemfundisha pia chuoni. Mafundisho yake yalijulikana kwa kuanzia kwenye kiti kabla ya mpira: kuanza, kusimama, kugeuka, kuanza tena. Mnaofundisha mtajua kwamba hayo ndiyo mazoezi ambayo vijana huyachukia kuliko yote.

Chuo hicho hicho kilimtoa Steve Serio wa Marekani, ambaye alipooza baada ya upasuaji wa uvimbe kwenye uti wa mgongo akiwa mtoto wa miezi kumi na moja, akaukuta mchezo akiwa na miaka kumi na mitano, akacheza miaka mingi huko Wetzlar, Ujerumani, katika klabu ya Lahn-Dill, na akashinda dhahabu Rio, Tokyo na Paris. Kikatoa pia kocha Stephanie Wheeler, aliyeshinda dhahabu mbili akiwa mchezaji, 2004 na 2008, na ya tatu akiwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya Marekani mjini Rio 2016. Makocha wa wanawake mliopo hapa, na naona ni wachache, nawaomba mlikumbuke jina hilo kila mtakapoambiwa kwamba benchi ni mahali pa wanaume.

Niliposema "kazi" nilimaanisha kazi ya kulipwa. Ujerumani, Hispania na Italia zina ligi ambamo mchezaji husaini mkataba, hupewa nyumba na mshahara, ingawa mshahara wenyewe hauwatajirishi na wengi huendelea na masomo au kazi nyingine asubuhi. Ujerumani wanaume na wanawake huchezea timu moja, na mwanamke hupunguziwa pointi katika hesabu ili klabu ziwe na sababu ya kumpanga. Hata asiye na ulemavu anaruhusiwa kukalia kiti na kucheza kama mtu wa nne na nusu. Tutakuja kulijadili hilo siku nyingine, maana najua baadhi yenu mmeanza kunung'unika.

Ade Adepitan alizaliwa Lagos mwaka 1973, akapata polio kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu, na wazazi wake wakahamia mashariki ya London akiwa mtoto mdogo. Alitembea kwa vyuma vya miguuni na hakutaka hata kusikia habari ya kiti mwendo. Rafiki zake walikuwa wakimsukuma mitaani ndani ya kitoroli cha dukani, na wataalamu wawili wa tiba ya viungo waliokuwa wakipita ndio waliomwona humo wakamwalika kutazama mchezo. Aliichezea Uingereza ikapata shaba Athens 2004, na leo watoto wa huko wanamjua zaidi kama mtangazaji wa televisheni. Nampenda Adepitan kwa sababu ya kile kitoroli. Karibu kila mchezaji wangu alikuja mara ya kwanza akisema yeye si mtu wa kiti, kiti ni cha wagonjwa. Baada ya wiki tatu anagombania kiti chenye magurudumu yaliyolazwa vizuri.

Kuna na upande wa makosa, nao nitaupitia kwa haraka. Mwaka 1992 mjini Barcelona Marekani ilishinda dhahabu ya wanaume, kisha ikanyang'anywa na kupewa Uholanzi kwa sababu mchezaji wake mashuhuri, David Kiley, alikutwa ametumia dawa ya maumivu iliyopigwa marufuku. Timu nzima ikarudi mikono mitupu kwa kidonge cha mtu mmoja. Wachezaji wetu wanaishi na maumivu na wana dawa nyingi mifukoni. Kocha asiyejua kila mmoja anameza nini anacheza kamari.

Nilisema mchezo ulihama kutoka swali la daktari. Mwaka 2020 daktari alirudi. Mwezi Januari, Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ililiambia shirikisho la mchezo huu kwamba utaratibu wake wa kuamua nani ana ulemavu unaostahili haufuati kanuni za jumla, ikauondoa mpira wa kikapu kwenye michezo ya Paris hadi litakapojirekebisha. Wachezaji wa pointi 4.0 na 4.5 wakapitiwa upya kwa vyeti vya hospitali, na baadhi wakaambiwa hawastahili. David Eng wa Kanada, mwenye mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa, aliyekuwa na dhahabu mbili na aliyeibeba bendera ya nchi yake Rio, alitolewa. George Bates wa Uingereza, bingwa wa dunia wa 2018, mwenye maumivu makali ya kudumu mguuni tangu utotoni, alieleza hadharani kwamba alijikuta akifikiria kukatwa mguu ili aruhusiwe kuendelea. Mimi sisemi mpaka usiwepo. Bila mpaka, viti vitajaa watu wanaoshuka na kutembea hadi garini, na Namba Nane atabaki kutazama. Ninachosema ni kwamba mtu aliyecheza miaka kumi na mitano chini ya sheria zenu hapaswi kujulishwa kwa cheti kwamba hakuwahi kustahili, na kwamba walioamua, kama wangekaa kando ya uwanja kwanza, wangeandika barua nyingine.

Ndugu zangu, sasa nije nyumbani, lakini nitapitia Kabul. Jess Markt ni Mmarekani aliyevunjika mgongo kwenye ajali ya gari akiwa na miaka 19. Mwaka 2009 alikwenda Afghanistan kufundisha timu changa, na baadaye akawa mshauri wa michezo wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, akifundisha hadi Gaza, Kambodia, India na Sudan Kusini. Alikuta watu ambao hawajawahi kuona mechi, viti vilivyotengenezwa na mafundi wa hapo hapo, viwanja vya wazi. Miongoni mwa wachezaji waliokua katika mpango huo ni Nilofar Bayat, aliyejeruhiwa na roketi akiwa na miaka miwili, akaja kuwa nahodha wa timu ya wanawake ya taifa. Agosti 2021 Taliban walipoingia Kabul aliondoka na mumewe, naye mchezaji, wakapokelewa Bilbao, Hispania, na klabu ya huko ikampa nafasi ya kucheza. Namtaja kwa sababu moja tu: alipotua Hispania alikuwa mkimbizi mwenye fani. Klabu ilijua la kumfanyia.

Kwetu sisi, msingi upo kuliko tunavyodhani. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na mafundi wa viti mwendo vilevile. Tunachokosa ni kiti cha mchezo, ambacho kikiagizwa kutoka nje hugharimu maelfu ya dola, na ambacho hakifanani na kiti cha kwenda sokoni: magurudumu yake hutanuka chini ili kigeuke bila kupinduka, kina kigurudumu cha nyuma cha kuzuia kuanguka chali, na mbele kina bomba la kulinda miguu. Fundi wetu wa baiskeli, mzee mmoja mwenye kibanda mkabala na kiwanja, ameviunga viti vyetu kwa bomba za fremu chakavu mara nyingi kiasi kwamba rangi ya asili siikumbuki.

Wachezaji nao wanabadilika. Nilipoanza, wengi wao walikuwa watu wa polio: mabega mapana, wamezoea mikono tangu utoto, hawana mguu wanaoukumbuka na kuulilia. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya polio ya asili, jambo la kushukuru, na kizazi hicho sasa kinazeeka. Wanaokuja ni vijana wa bodaboda na wa kuanguka miembeni, wenye uti wa mgongo uliovunjika mwaka jana tu. Kwa lugha ya hesabu yangu, zamani nilikuwa na watu wa tatu na nne tele nikatafuta wa moja kwa tochi; leo ni kinyume. Kwa lugha ya kawaida, zamani nilifundisha mpira, na leo miezi mitatu ya mwanzo nafundisha kwanza namna ya kukagua matako kwa kioo kila usiku ili kidonda kisianze, na namna ya kunywa maji ya kutosha, kisha mpira.

Paris 2024 timu zilipunguzwa zikawa nane kwa wanaume na nane kwa wanawake, kutoka kumi na mbili na kumi za Tokyo, na Afrika haikuwa na timu hata moja upande wowote, ingawa Algeria ilikuwa imepeleka zote mbili Tokyo. Viongozi mlioko hapa mkitaka kujua sababu, hesabuni basi. Timu ni wachezaji kumi na wawili, kila mmoja ana kiti cha kutembelea na kiti cha kuchezea, jumla viti ishirini na vinne, pamoja na magurudumu ya akiba, tyubu na pampu. Basi la abiria sitini halitoshi. Safari ya mechi moja ya kirafiki hutugharimu kama safari tatu za timu ya wanaotembea, na bila mechi hakuna anayejua kucheza.

Mabega huisha kabla ya moyo. Gurudumu na kurusha juu vyote vinatumia bega moja, na bega hilo ndilo linalompeleka mtu kitandani na chooni maisha yake yote. Wengine huhamia michezo mingine: Dylan Alcott wa Australia alipata dhahabu ya kikapu akiwa na miaka 17, Beijing 2008, kisha tenisi ikampa mataji yote makubwa, Annika Zeyen wa Ujerumani alitoka kwenye dhahabu ya kikapu London 2012 akaenda kushinda mbio za baiskeli ya mikono Tokyo. Wengine huwa makocha, na hao ndio ninaowatafuta. Namba Nane ameanza kunisaidia kuandika kadi ya hesabu. Mwezi uliopita alinizuia kufanya badiliko ambalo lingetupeleka kumi na nne na nusu, na hakunyamaza kama ile siku ya kwanza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mlango wa ukumbi huu una ngazi nne. Asubuhi tumewabeba wachezaji tisa, watu wanne kwa kila kiti, na mmoja alikataa kubebwa akapanda kwa makalio akiuburuta mkoba wake. Fundi seremala ameshapima, anasubiri mbao.

Mazoezi ni saa kumi, kiwanja cha nyuma. Tuna viti vitatu vya ziada kwa makocha watakaopenda kujaribu. Atakayekuja avue pete na saa, na akate kucha.

Asanteni kwa kunisikiliza.